Mchumba wangu anataka niseme siangalii muvi

Shangazi, mimi ni msusi, nina miaka 27, nipo Morogoro. Saluni kwetu tuna televisheni na flashi, na mimi ndiye ninayechagua muvi kwa sababu wateja wanasema nina jicho. Mtu anayekaa kusukwa rasta tangu asubuhi mpaka alasiri lazima awe na kitu cha kutazama. Naangalia za Kihindi, za Kikorea, za Bongo, za mapigano zilizotafsiriwa, chochote. Sijasomea. Nimeishia kidato cha nne.

Nina mchumba anayefanya kazi ofisini Dar es Salaam. Barua ya posa imeshaletwa nyumbani na wazee wameipokea. Mwezi uliopita alinipeleka kwa rafiki zake, wakawa wanazungumza habari za sinema, kila mtu anataja anayoiona bora kuliko zote. Zamu yangu ilipofika nikasema Kabhi Khushi Kabhie Gham, nikaongeza na Oprah ya marehemu Kanumba. Walicheka mpaka mmoja akatoka nje. Kwenye gari mchumba wangu akaniambia, "Siku nyingine wakikuuliza, sema tu huangalii muvi." Kisha akanipa flashi yenye sinema kumi, eti za kuniinua. Ya kwanza inaitwa 2001: A Space Odyssey. Nililala kabla mtu hajasema neno.

Shangazi, tangu siku hiyo nikiweka muvi saluni naona kama kuna mtu nyuma yangu anacheka. Ni kweli sijui kitu? Naomba unitajie muvi nzuri za kutazama, na unifundishe maneno ya kusema ili nisimwaibishe tena. Na swali dogo: niache kuweka za kutafsiriwa pale saluni?

Msusi, Morogoro

Mwanangu, pole kwa kazi ya kusimama.

Barua yako ina mambo mawili. Dogo ni muvi zipi utazame. Kubwa ni kwamba mtu aliyeleta posa kwenu anataka ufiche kitu unachokipenda na unachokijua. Hilo dogo umeliuliza kwa urefu. Kubwa umelipitia kwa mstari mmoja, ndani ya gari. Nitaanza na dogo, maana tukilimaliza utakuwa na cha kumwambia huyo bwana.

Hebu tuitazame sinema waliyoicheka. Kabhi Khushi Kabhie Gham ilitoka 2001, imeongozwa na Karan Johar, na inakwenda saa tatu na nusu. Shah Rukh Khan ndiye Rahul, mtoto wa kulea katika nyumba ya kitajiri ya akina Raichand. Anampenda Anjali, yaani Kajol, binti wa mwenye duka la vitamutamu kule Chandni Chowk, mtaa wa soko wa Delhi. Baba mwenye nyumba, Amitabh Bachchan, hataki kumsikia, kwa kuwa si wa hadhi yao. Rahul anamwoa, anaondoka nyumbani, anahamia London, na baada ya miaka mdogo wake anafunga safari kwenda kumtafuta.

Sasa sikiliza. Binti wa sokoni anaingia katika nyumba ya watu wenye nafasi, anasema kwa sauti, anavunja chombo, watu wanatazamana. Ndiyo sinema uliyoitaja mbele ya watu waliokuwa wakikupima. Wakacheka, na hakuna hata mmoja aliyekuuliza unaipendea nini. Mimi naona pale mezani kulikuwa na watu wengi waliopitwa, na wewe hukuwamo.

Sisemi haina kasoro. Machozi yamemwagwa mengi mno, na ile London yao kila mtu yuko tayari kucheza barabarani. Lakini ipo ile sehemu ya mama, Jaya Bachchan, ameshika sinia la ibada ya Diwali, anageuza shingo kuelekea mlangoni kabla mwanawe hajatokea. Hakuna aliyemwambia kitu. Johar anatuonyesha uso wa mama kwanza, mtoto baadaye, ili tumwone akijua kabla yetu. Ukiweza kumweleza mtu jambo hilo hivyo, umeshatoa maoni ya sinema, tena yenye uzito kuliko kicheko.

Oprah nayo tusiione haya. Mle ndani wamo Kanumba, Ray Kigosi na Irene Uwoya, na ni ya wakati ule ambapo kila mtaa ulikuwa na mtu wa kukusimulia mgogoro wa hao watatu mwanzo mpaka mwisho. Kasoro za muvi zetu za miaka ile unazijua kuliko mimi: gari linapiga honi, mlinzi anafungua geti, gari linaingia, mtu anashuka, anapanda ngazi, anafungua mlango wa chumbani, na muda wote huo hakuna jambo lililotokea. Hadithi ya saa moja na nusu inapasuliwa mara mbili ili ununue sehemu ya kwanza na ya pili. Sauti inazama feni ikiwashwa. Yote hayo ni kweli. Na ni kweli pia kwamba Kanumba alipofariki tarehe 7 Aprili 2012, akiwa na miaka 28 tu, watu walifurika viwanja vya Leaders pale Kinondoni kwa maelfu, wengi wao wakiwa hawajawahi kumwona kwa macho. Watu hawamlilii hivyo mtu aliyewapotezea muda.

Unauliza kama ni kweli hujui kitu. Chukua kazi yako mwenyewe. Mteja hajui kusuka, lakini kichwa kikimuuma anajua kinamuuma, na huwezi kumwambia anyamaze kwa kuwa hakusomea. Wewe ukimshika kichwa ndipo unajua kwa nini: nywele zimeshikwa chache mno, au mtu amevuta sana pale kwenye paji. Basi anayetazama muvi kwa kujifurahisha ana haki yote ya kusema imenichekesha, imeniuma, imenichosha. Maoni hayo ni halali na hayahitaji cheti. Yanaanza kumfaa na mtu mwingine pale anapoongeza ni wapi hasa palipomuuma, na palifanywa nini hapo. Hicho ndicho wateja wako wanachokiita jicho, na umekwisha kuwa nacho, ila hujakizoeza kuongea.

Wala usidhani waliosomea wamekubaliana. Kuna jarida la Uingereza, Sight and Sound, ambalo tangu 1952 huwauliza wahakiki kila baada ya miaka kumi ni filamu gani iliyo bora kuliko zote. Mwaka ule wa kwanza walichagua Bicycle Thieves ya Vittorio De Sica. Kuanzia 1962 wakahamia kwa Citizen Kane ya Orson Welles, ikakaa kileleni miongo mitano. Mwaka 2012 ikashushwa na Vertigo ya Alfred Hitchcock, sinema ambayo ilipotoka 1958 wengi waliiona ya kawaida tu. Ikaja 2022, wapiga kura zaidi ya 1,600, wakampa nafasi ya kwanza Chantal Akerman, mwanamama wa Ubelgiji, kwa filamu yake ya 1975, Jeanne Dielman. Humo mjane yuko ndani ya nyumba yake Brussels, anamenya viazi, anatandika kitanda, anasafisha viatu vya mwanawe, mchana anapokea wanaume kwa pesa, na sisi tunamtazama kwa saa tatu na zaidi. Ni kazi kubwa na naiheshimu. Ila yule rafiki aliyetoka nje kucheka, siku ukikutana naye muulize kwa upole kama ameimaliza.

Kwa hiyo orodha za filamu bora hubadilika, na wanaozibadilisha ni watu wazima wenye shahada zao. Atakayekuambia mambo yalishaamuliwa na wewe umechelewa, huyo hajazifuatilia.

Tuje kwenye usingizi wako. 2001: A Space Odyssey ya Stanley Kubrick ilitoka 1968, na dakika zake kama ishirini na tano za mwanzo hazina mazungumzo hata chembe, ni viumbe nusu nyani nusu watu, jangwa na mawe. Umesema ulilala kabla mtu hajasema neno. Mwanangu, hapo ulijitahidi zaidi ya unavyodhani. Siku zake za kwanza watazamaji wengi walinyanyuka wakatoka ukumbini, na Kubrick mwenyewe akaipunguza dakika kama 19. Tena ilitengenezwa kwa ajili ya pazia kubwa mno, giza totoro na muziki wa kutikisa viti. Wewe umeiweka usiku, na miguu imevimba kwa kutwa ya kusimama. Usingizi wako hauthibitishi kwamba sinema ni mbaya, wala kwamba wewe ni mjinga. Ni filamu kubwa. Siku ya mapumziko ianzishe tena, uvumilie mpaka pale mfupa unaporushwa juu na papo hapo tunajikuta angani tukitazama chombo kinachoizunguka dunia. Miaka mamilioni imerukwa kwa mkato mmoja, bila maelezo. Ukiisha kupaona hapo, hata ukilala tena hakuna atakayekudai.

Kosa ni la aliyeiweka ya kwanza kwenye flashi. Mtu akikupenda anaanza na ile unayoweza kuipenda.

Mimi ningeanza na hiyo Bicycle Thieves ya 1948, na nitakueleza kwa kirefu kwa sababu naamini itakukaa. Ni Roma, vita vimeisha, kazi hakuna. Antonio anaitwa kwenye kazi ya kubandika matangazo ukutani, sharti awe na baiskeli. Anayo, lakini ameiweka rehani. Mkewe, Maria, hasemi sana; anakwenda kitandani, anavuta mashuka, anayafunga, yanapelekwa rehani ili baiskeli irudi. Kisha angalia kitu kimoja De Sica anachokifanya pale dirishani. Mfanyakazi wa duka la rehani anachukua furushi la Maria, anapanda nalo juu kwenye rafu, na rafu zinaendelea kwenda juu, zimejaa mashuka ya watu wengine. Hakuna hotuba ya umaskini. Ni rafu tu. Siku ya kwanza kazini, Antonio akiwa juu ya ngazi anabandika picha ya Rita Hayworth, kijana mmoja anaiba baiskeli. Kuanzia hapo ni baba na mwanawe mdogo, Bruno, wanazunguka mji mzima wakiitafuta. Mwisho sikwambii. Aliyeigiza baba, Lamberto Maggiorani, alikuwa mfanyakazi wa kiwandani, hakuwa mwigizaji, na inaonekana katika namna anavyovaa kofia yake ya kazi siku ile ya kwanza. Dereva yeyote wa bodaboda ya mkataba ataielewa filamu hii bila kusoma hata neno moja la maandishi ya chini. Ni saa moja na nusu. Humalizi hata nusu ya kichwa.

Ikikuingia hiyo, nenda Iran, kwa Majid Majidi, Children of Heaven ya 1997. Ali amepeleka viatu vya dada yake Zahra kwa fundi, vinapotea njiani. Baba hana pesa, hivyo watoto wanaamua kutosema. Zahra anakwenda shule asubuhi na viatu vya kaka yake, anarudi mbio, wanabadilishana uchochoroni, Ali anakimbilia zamu ya mchana. Halafu yanatangazwa mashindano ya mbio, na zawadi ya mshindi wa tatu ni jozi ya viatu. Hebu fikiri ni mara ngapi umetazama muvi ukiomba steringi ashinde. Hapa utakaa ukiomba awe wa tatu.

Kuna moja ya Ousmane Sembène wa Senegal, kuli wa bandari ya Marseille aliyegeuka mwandishi kisha mwongozaji. La Noire de..., ya 1966, ina urefu wa kama saa moja. Diouana ametoka Dakar kwenda Antibes, Ufaransa, akijua anakwenda kulea watoto wa mwajiri wake. Akifika anakuta jiko, deki na kufua, na mlango ambao hata akiutokea hana pa kwenda. Mawazo yake tunayasikia sisi. Wenye nyumba hawasikii kitu, na hawaulizi. Hii usiiweke saluni kama kuna mteja ambaye binti yake yuko Muscat au Dubai kwa kazi za ndani na simu zake zimekuwa chache. Itazame kwanza peke yako, kisha utaamua.

Za karibu na nyumbani zipo, tena kwa lugha yako. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya 2021, imetokana na riwaya ya Adam Shafi: Unguja ya miaka ya hamsini, Yasmin amemkimbia mume mzee aliyeozwa, anakutana na Denge anayepinga ukoloni kwa siri. Ilioneshwa Toronto mwaka huohuo, na Tanzania ikaipeleka kuwania Oscar. Watu wameisifu kwa rangi zake, na ni kweli kila chumba kinang'aa, ingawa mimi wakati mwingine naona kinang'aa mno, hata chumba cha mtu asiye na kitu. Sikiliza Kiswahili chake zaidi. Binti ya Seko Shamte, ya mwaka huohuo pia, ni wanawake wanne wa Dar es Salaam, kila mmoja na lake. Hiyo wateja watabishana nayo mpaka jioni.

Na ipo ya Kenya ambayo nikisoma barua yako niliifikiria mara moja. Nairobi Half Life ya David Tosh Gitonga, ya 2012, ndiyo filamu ya kwanza Kenya kuipeleka Oscar. Mwas, aliyeigizwa na Joseph Wairimu, ni kijana wa kijijini anayeuza DVD za muvi za mapigano. Anauza vipi? Anaziigiza. Anasimama mbele ya watu anatoa sauti ya steringi na ya adui, anaanguka, anapiga risasi kwa vidole, mpaka mtu anatoa pesa. Hajasomea chochote. Anakwenda Nairobi kutafuta jukwaa, anaporwa siku ileile, na mchana wake na usiku wake vinaanza kugombana. Wewe na Mwas mnafanya kazi moja. Mnatazama, mnachagua, mnawafanya watu watake kutazama.

Nikikuambia hivyo sitaki uziache zako za mapigano. Umewahi kuitazama Rambo ya kwanza, First Blood ya 1982, ukiwa umetulia? Watu wanamkumbuka Stallone na mkanda wa risasi. Katika ile ya kwanza anakufa mtu mmoja tu, na mwishoni Rambo amekaa chini analia kwa ajili ya rafiki aliyelipukiwa na bomu mikononi mwake. Katika riwaya ya David Morrell ambayo filamu ilitokana nayo, Rambo mwenyewe anakufa. Wale wateja wanaosema steringi hafi waambie wamebahatika kutoisoma.

Umeniomba maneno ya kusema. Sikupi. Ukijifunza kusema "mwendo wa hadithi unasuasua" kwa sababu mtu fulani anasema hivyo, utakuwa umebadilisha bwana tu. Nakupa kazi nyingine. Muvi ikiisha, kabla hujaulizwa na mtu, mtafute mmoja pale saluni ambaye hakuiona, umsimulie sehemu moja tu, ile uliyoacha kusuka mikono ikabaki hewani. Simulia nani alikuwa wapi, alikuwa ameshika nini, tulimwona lini. Ukianza kutafuta maneno makubwa, acha, rudi kwa aliyeshika nini. Na usiogope kusema haijanipendeza. Sema haijanipendeza kuanzia pale mume aliporudi, kwa sababu mke ameacha kuwa mtu akawa wa kulia tu. Hapo hata mhakiki wa gazeti atakuuliza, kwani ni sehemu gani hiyo?

Kubishana nako kuna adabu yake. Mtu akiipenda uliyoichukia, muulize ameona nini kabla ya kumwambia ulichoona wewe. Mara nyingi mtakuta mlitazama watu wawili tofauti ndani ya picha moja.

Sasa bwana wetu. Simjui, na sitamhukumu kwa sentensi moja ya ndani ya gari. Inawezekana alisema hivyo kwa woga, kwa sababu na yeye anapimwa pale. Wanaume wengi wa ofisini wamejifunza kutaja sinema kama wanavyojifunza kufunga tai. Inawezekana zile kumi kwenye flashi mwenyewe ametazama tatu. Lakini aliyokuambia si madogo. Hakukuambia, "Waeleze vizuri." Alikuambia useme huangalii, yaani uongo, ili yeye akae vizuri mbele ya watu. Wahenga walisema ukipenda boga upende na ua lake. Huyu bado analionea haya ua. Leo ni muvi. Ukishaolewa inaweza kuwa lafudhi yako, ndugu zako, au hiyo saluni yenyewe, na kila mara utaambiwa ni jambo dogo.

Usivunje uchumba kwa ajili ya Kanumba. Mwambie tu, tena mkiwa wawili, mchana, hamjagombana. Mwambie kicheko cha rafiki zake ulikivumilia, ila maneno yake ya kwenye gari yamekukaa. Usimwulize kama ulikosea. Ukiuliza hivyo umempa kiti cha hakimu. Mweleze kilivyokuumiza, kisha nyamaza umsikilize. Halafu mpe sharti jepesi: wewe utatazama moja katika kumi zake, chaguo lake, hutalala, na yeye atatazama Kabhi Khushi Kabhie Gham yote, saa tatu na nusu, simu mbali. Kisha kila mtu amweleze mwenzake alipoguswa. Ikiwa atakaa akaitazama na akakuambia kitu cha kweli, hata kama ni kwamba haikumpendeza, una mtu wa kuzungumza naye, na hilo katika ndoa ni akiba kubwa kuliko kulingana ladha. Akikataa kukaa, au akikaa kwa kejeli tangu dakika ya kwanza, usiharakishe tarehe ya mahari. Mwambie shangazi yako wa damu, maana posa ililetwa kwa wazee na wao ndio wa kuongea na wazee wenzao. Asikuambie mtu kwamba unakuza mambo.

Mkienda tena kwa rafiki zake, na nadhani mtakwenda, ukiulizwa taja ileile. Ongeza ile ya mama na sinia. Wakicheka tena utajua ni watu wa namna gani, na hilo nalo ni vizuri kulijua kabla ya kuwaandikia kadi za mwaliko.

Swali lako la mwisho ndilo lililonifurahisha kuliko yote. Usiache za kutafsiriwa. Kusimulia muvi juu ya muvi ni sanaa ya kwetu huku, kutoka kanda za msimulizi Lufufu zilizokuwa zikizunguka Dar es Salaam, hadi DJ Afro wa Kenya, hadi ma-VJ wa Uganda. Yule msimulizi naye ni mtazamaji wa kawaida, ila amepewa kipaza sauti: anamsuta adui, anamwonya steringi, anakwambia huyu mama mkwe mtazame vizuri. Kampala, mtaa wa Wakaliga, Isaac Nabwana alitengeneza Who Killed Captain Alex? ya 2010 kwa senti za kuokoteza, na leo inatazamwa dunia nzima. Nakala yake isiyo na sauti ya VJ Emmie haipo tena. Nabwana mwenyewe aliifuta kupata nafasi kwenye kompyuta ya kutengenezea nyingine. Kwa hiyo anayeitaka filamu hiyo lazima achukue na mcheko wa msimulizi. Na katika Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya 2018, kijiji kizima cha Kenya kinamtengenezea muvi Jo, mtoto mgonjwa anayewapenda mashujaa wa kuruka angani. Hiyo iweke wakati wa likizo, watoto wanapojaa kusukwa, ila mama zao waonye mapema kwamba inaliza.

Zingatia tu mambo haya ya kazi. Ile uliyoipenda kwa tafsiri, itazame pia nyumbani katika lugha yake. Utashangaa msimulizi amekupa nini ambacho hakimo, na amekula nini kilichomo. Za damu ziondoe watoto wakiingia. Na yule mteja anayetaka sauti iongezwe kila bunduki inapolia, mwambie achangie luku.